Jina la Mtoto, Ujumbe kwa Jirani

Kwetu Wahaya jina ni sentensi, na mara nyingi sentensi hiyo haimhusu anayeitwa. Nilijua hilo tangu utotoni Nyanga, lakini halikunisumbua mpaka nilipoolewa Kagoma, miaka ya vijiji vya ujamaa, nikazaa binti yangu wa kwanza.

Kumpa jina ilikuwa haki ya baba mkwe. Kibanja chake cha migomba na kahawa kilitenganishwa na cha jirani kwa ua wa miti tu, na wazee hao wawili walikuwa wakigombana kwa kutumia watoto. Jina la mume wangu, kwa Kiswahili, ni "Wanichukie tu." Jirani alijibu kwa kumwita mwanawe "Nani ana muda wa kukuchukia." Shemeji yangu ni "Mwizi hujijua", ng'ambo ya ua akazaliwa "Ushahidi uko wapi." Wakiitwa kula jioni, ungedhani mahakama imeanza kikao.

Kwenye mikutano ya kijiji wazee haohao waliketi benchi moja, wakiitana Ndugu.

Binti yangu akapewa jina lenye maana ya "Nawasikia wanaonisengenya." Alikuwa bado hajui hata kugeuza shingo.

Nilipiga magoti mbele ya baba mkwe. "Tata, mtoto huyu hajagombana na mtu. Mpe jina la heri."

"La heri watampa mapadri."

"Ugomvi wenyewe ulihusu nini?"

"Mbuzi wake alikula maharage yangu. Wakati wa Mwingereza."

"Mbuzi huyo alishakufa, Tata."

"Aliyemfungua yu hai."

Mume wangu, hodari wa kusema mikutanoni, alikumbuka ghafla kwamba ng'ombe hawana majani. Nikaazimia peke yangu: mtoto ataitwa kwa jina la ubatizo, na lile la babu litakufa kwa kukosa wa kulitamka.

Kisha mke wa jirani akaja kumwona mtoto, na mkungu wa ndizi kichwani. Hakuketi vizuri kabla ya kuuliza, "Babu yake amemwitaje?"

Nilimwambia, macho yangu yakiwa kwenye nyasi za sakafuni.

Alicheka mpaka akajifuta machozi. "Basi anayesikika ni mimi. Lete nimbebe." Alimpakata vizuri, akamnusa kichwa. "Mkwe wangu naye ni mjamzito. Mzee wangu ameshapata jibu, anasubiri mtoto tu."

"Mama, mzuie."

"Wewe wako ulimzuia?"

Tukiwa hapo tulisikia sauti ya baba mkwe nje, ikiita jina lile kwa nguvu, kana kwamba mtoto amepotea migombani. Nilimchukua binti yangu, nikatoka naye. Mzee alikuwa amesimama katikati ya kibanja, mgongo kwetu, uso kwenye ua.

"Tata, mtoto yuko huku."

"Najua," alisema, bila kugeuka. Akaita tena.