Miche Iliyoshika

Kipande cha shamba cha mama bondeni hakikuwa kikubwa. Ukisimama njiani ulikiona chote: matuta ya maharage, mfereji mmoja, kisha mafunjo, kisha mto. Huku kwetu Bugarama mashamba ya mlimani hutegemea mvua. Kiangazi kikiingia, mwenye bonde anakula maharage mabichi, asiye na bonde ananunua. Sisi tulikuwa na bonde.

Nililiingiza mimi kwenye mradi. Nilikuwa nimemaliza chuo na kukaa nyumbani misimu miwili, nikapata mkataba kwenye taasisi ndogo iliyokuwa inaomba ruzuku ya kurudisha misitu ya kingo za mito na ardhi oevu, Ngara na Biharamulo. Nilipewa sehemu ya jamii katika andiko la mradi. Niliandika kwamba wananchi wako tayari. Nilijuaje? Sikujua. Fomu ilitaka sentensi hapo, nikaiweka.

Ruzuku ilipotoka tukaitisha mkutano. Nikaeleza: mita sitini kutoka mtoni tutapanda miti, misambya na mikuyu. Mwenye shamba ataruhusiwa kulima katikati ya miche mpaka kivuli kitakapotanda; baada ya hapo, basi, ni msitu. Na miche isiposhika, mradi utahamia kwingine, kipande kitabaki kwa mwenyewe. Masharti hayo niliyaandika mimi, nikidhani ni ya haki. Ilipofika kutia sahihi fomu za ridhaa, watu wakatazama chini. Ndipo jirani yetu, mzee ambaye shamba lake linapakana na la mama, akasema kutoka nyuma:

"Shule tumeisikia. Kama kitu ni kizuri, si aanze mama yako?"

Watu wakacheka. Mama alikuwa amekaa na wanawake wenzake. Akanyanyuka, akaja mezani.

"Hapa?"

"Soma kwanza, mama."

"Si umeandika wewe?"

Akatia sahihi. Wengine wakafuata, jirani naye akiwemo.

Jioni nilimwambia kwamba angeweza kukataa. Alikuwa anamenya ndizi. "Nikukatae mbele za watu?" akasema, akaendelea kumenya. Nilingoja nione aibu, au angalau shukrani. Haikuja hata moja. Nilikula, nikalala.

Mwaka wa kwanza nilizunguka kwa bodaboda kukagua miche. Kule Nyantakara nilikuta vijiti. Nyamigogo pia, vijiti. "Jua kali," waliniambia, na mimi nikaandika ukame. Kwa jirani yetu mbuzi walikuwa wamepita. Niliwaona mbuzi wenyewe, wamelala barazani kwake wanacheua. Sharti la mwisho kila mtu alikuwa amelielewa vizuri, isipokuwa mama.

Au ndivyo nilivyodhani. Nilimkuta bondeni amepalilia kila mche, ameuzungushia majani makavu ya migomba, ana ndoo mkononi. Jirani alikuwa ng'ambo ya mfereji, ameegemea jembe.

"Mama Mradi! Leo tena unamwagilia wazungu?"

"Namwagilia mti. Mzungu mmwagilie wewe, umeshiba maharage."

Jirani akacheka mpaka akakohoa. Nilimsubiri aondoke.

"Mama, ukiiacha hii miche, bonde linabaki lako. Imeandikwa."

"Najua. Nilikuwepo mkutanoni."

"Sasa?"

Akanyoosha mgongo. "Kitu kimepandwa shambani kwangu, nikitazame kinakufa? Na wewe, wakikuuliza miche ya kwenu iko wapi, utawaonyesha mbuzi?"

Nina tabia ya kuuliza kila kitu. Chuoni walinichoka. Siku ile hata ndoo sikuiomba. Nilirudi njiani, nikawasha simu, nikaandika kwamba kwenye shamba hili miche imeshika.

Mwaka wa tatu wageni wa wafadhili walikuja. Kwa kuwa hapakuwa na pengine pa kuwapeleka, tuliwapeleka kwa mama. Misambya ilikuwa imempita mtu mrefu. Mgeni mmoja akataka nimuulize mama anaona faida gani. Nikamuuliza.

Mama akautazama mti uliokuwa karibu naye. "Mwambie inakua."

"Anasema amenufaika sana," nikatafsiri.

Wakampiga picha ameshika jani. Picha hiyo ilikwenda kwenye ombi la awamu ya pili, na mkataba wangu ukaongezwa. Jirani alikuwa anavuna maharage yake upande wa pili. Alitupungia mkono.

Kiangazi kilichofuata kivuli kilitanda kipande chote. Maharage ya mama yalirefuka, yakawa membamba, majani ya njano. Maua yalikuja machache, maganda hayakuja. Nilipima kimo cha miti, nikajaza fomu. Hewa ilikuwa baridi pale chini, na ndege walikuwepo ambao sikuwahi kuwaona bondeni. Hilo nalo ni kweli, nililiandika.

Msimu wa kupanda bondeni uliporudi nilikuwa nyumbani. Mama alishusha kibuyu cha mbegu, kile anachozihifadhia pamoja na majivu ili wadudu wasiingie. Aliyamwaga maharage kwenye ungo, akapepeta majivu, kisha akayaosha. Maji ya kwanza yakawa ya kijivu, ya pili pia. Akayabandika jikoni.

"Hizo si mbegu, mama?"

"Mbegu za kupanda wapi? Hizi mlimani hazizai."

Nilijua hazizai. Nilikaa kwenye kigoda nikichochea moto. Yalichelewa sana kuiva, tukaongeza maji mara mbili, halafu akaweka ndizi. Nilifikiri kwamba pengine nitasema kitu tukiwa tunakula.

Akanipakulia. "Chumvi imetosha?"

"Imetosha," nikasema.