Mkasi wa Jirani Yangu

Jirani yangu mchapaji, pale karibu na kivuko cha Kamanga, alimaliza chuo mwaka 1995, lakini programu ya kompyuta aliyopewa chuoni haikuwa na habari hiyo. Chini ya kila ukurasa iliandika: “Kwa matumizi ya mwanafunzi tu.” Basi kila karatasi ikitoka, aliipuliza wino ukauke, akauondoa mstari ule kwa mkasi, huku akiimba nyimbo za kwaya. Barua zake tulizitambua kwa ufupi wa karatasi.

Juzi akanunua programu kamili, isiyo na mstari ule. Akamchapia Mzee Luhende wa Sengerema barua iliyojaa ukurasa mzima, akaipuliza, akakata chini kwa mazoea. Mzee akaokota kipande sakafuni.

“Binti, si jina langu hili?”

Jirani yangu alicheka hadi machozi, akachapa upya, kisha akanikabidhi mkasi.

“Dada, nifichie.”