Bibi Aliyestaafu Ofisini Tu

Kwenye mazishi ya Bibi, mkuu wake wa zamani katika ofisi ya serikali alimsifu marehemu kwa kuwahudumia wananchi haraka, na mjukuu wake wa kike akalazimika kujifunika uso kwa mtandio ili watu wadhani analia. Haraka gani? Huyu ni bibi ambaye akiombwa chumvi alivua miwani, akaipangusa taratibu kwa upindo wa gauni, akaivaa tena, ndipo akauliza, "Ya matumizi gani?" Miaka mingi baada ya kustaafu bado alipiga pasi gauni kila asubuhi na kuketi wima sebuleni kama anayesubiri kupigwa picha, na wajukuu waliotaka kukumbatiwa walipanga foleni. Hakuna aliyekosa zamu yake, na hakuna aliyeruhusiwa kusukuma.

Yule mjukuu wa mtandio alipokimbia kipigo cha mumewe na kuhamia kwa Bibi, wajomba zake walikuja na sauti nzito wakitaka arudishwe siku hiyohiyo, eti familia inaaibika. Bibi aliwakaribisha chai, akawasikiliza mpaka koo zikawakauka, kisha akaanza kupangusa miwani.

"Nimewaelewa, wanangu," akasema kwa upole. "Suala lenu linashughulikiwa."

Wakaondoka wameridhika, maskini. Mwezi uliofuata wakaja kuulizia, wakaambiwa bado linashughulikiwa. Wakaja tena, wakanywa chai tena. Hatimaye mume akaoa kwingine, wajomba wakachoka na safari, na mjukuu akawa amezoea kulala bila kushtuka mlango ukigongwa.