Ini la Mbuzi

Daktari wa mjini aliniambia ini la baba limeshindwa kazi. Macho yalishakuwa ya njano na tumbo limejaa maji. Nikamuuliza, hakuna dawa kabisa? Akasema nchi za nje wanaotesha seli za ini kutokana na seli shina, zile changa zinazoweza kugeuka seli za kiungo chochote, kisha wanamwekea mgonjwa zimsaidie pale ini lake linaposhindwa.

"Lakini bado ni majaribio, dada. Hapa kwetu hazijafika."

Nilirudi nyumbani, kijijini juu ya mji mdogo wa Maji ya Chai, na habari hiyo tu. Nikamkuta baba mkubwa amechinja mbuzi. Ini, ambalo siku zote wazee hulila wao kwanza pale pale motoni, alikuwa amelichoma lote kwa ajili ya mdogo wake. Ini lirudishe ini, ndivyo alivyoamini.

Nilifoka. Sikumwamkia hata shikamoo. Niliwaeleza habari za seli, za maabara na za sindano mpaka sauti ikakauka, na baba akiwa amelala pale pale anasikiliza kila neno.

Baba mkubwa akanisubiri nimalize. "Sawa, mwanangu. Hizo seli umekuja nazo?"

Baba akatafuna kipande kimoja kwa shida, akamshukuru kaka yake, kisha akakitapika. Tulimzika kabla ya kahawa kuiva shambani, pale mgombani.

Hata leo nina hasira, na sijui nimkasirikie nani. Baba mkubwa alimletea ini la mbuzi. Mimi nilimletea habari.