Chumba Yako, Mama

Mume wangu alitaka msauzi. Mimi nilitaka bati la vigae, lile lenye mikunjo linalofanya nyumba ionekane imetulia. Tulibishana asubuhi kwenye chai na jioni kwenye ugali, utadhani tunaezeka ukumbi wa harusi, kumbe ni nyumba yetu hii hii ya Mwisenge, tunaiongezea upande mmoja na kubadilisha paa lililochoka. Msauzi ni yale mabati ya rangi yenye migongo mipana, na siku hizi hapa Musoma ukiezeka bila msauzi watu wanakupa pole. Mume wangu anauza nyavu na kamba pale Mwigobero, na wale wanaoshinda kwenye benchi la duka lake wote ni mafundi wa mdomo. Kila jioni alirudi na sato mkononi na somo jipya la mabati. Mimi ni mwalimu, sipendi kufundishwa nyumbani kwangu.

Mabati yalikuwa ya kupigia kelele tu. Jambo lenyewe lilikuwa mama yangu.

Mama alikuwa anaishi Butiama, peke yake tangu baba afariki. Mvua za mwaka jana aliteleza kati ya jiko na nyumba, goti likagoma, akakaa kwenye tope mpaka jirani alipopita kuomba moto. Mimi nikaja kuambiwa baadaye, tena kwa kupitiwa tu, katikati ya habari za kuku. Niliteleza kidogo, akasema, kisha akarudi kwa kuku wake. Niliogopa, wala sioni haya kusema. Tangu siku hiyo kila simu ya namba nisiyoijua ilinikausha mate. Nilitaka mama alale mahali ambapo nikisikia kishindo naweza kukurupuka na khanga yangu kifuani nikamfikia.

Nikampigia simu. Sisi kwa salamu na umbea tunatumia lugha ya nyumbani, ila mambo ya nyumba za mjini tunayasema kwa Kiswahili, maana bibi zetu hawakuacha neno la choo kilichoko ndani. Na Kiswahili ninachoongea na mama si kile ninachofundisha. Ni kile cha kwetu, kinachokwenda bila viatu.

"Mama, tunataka kukujengea chumba yako hapa Musoma," nikamwambia. "Ina mlango yake, ina choo yake, kila kitu."

Upepo ulikuwa unavuma upande wake. Akauliza, "Yangu mwenyewe?"

"Yako mwenyewe."

"Basi nitakuja."

Nilikata simu nikacheza pale jikoni na mwiko mkononi. Nilikuwa nimejiandaa kwa vita, kumbe mama mwepesi hivi!

Kama unatoka Mara, najua umeshaanza kutikisa kichwa. Kwetu mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawalali chini ya paa moja. Wanasalimiana kwa mbali, huyu ameangalia mlima na yule ameangalia mbuzi, na kila mmoja akimpisha mwenzake njiani utasema anapisha gari la wagonjwa. Mama yangu alikuwa hajawahi kulala kwetu hata mara moja. Akija mjini kwa matibabu alilala kwa mama mmoja wa kanisani kwake aliyehamia mtaa wa pili, na mume wangu akimwona kwa mbali anageuza njia. Lakini mimi nilijiambia dunia imebadilika. Kama mama amekubali mwenyewe, mimi ni nani nimkumbushe mila?

Mume wangu nilipomwambia kwamba mama amekubali, aliacha kutafuna. Akauliza kama nina hakika. Nikamwambia nina hakika kabisa. Akasema sawa, akaendelea kula polepole, na tangu hapo akaacha hata kubishana habari za msauzi. Nilidhani nimeshinda.

Hapo ndipo tukatafuta mchora ramani. Mume wangu aliona ni ufujaji, fundi angeweza kuchora kwa kijiti chini tukamaliza. Nikamkatalia. Mama ana goti bovu, nataka mtu aliyesomea. Tukampata dada mmoja msanifu majengo, mzaliwa wa Bunda kama mume wangu, mcheshi, anavaa viatu vya matope na hereni kubwa. Alizunguka nyumba yetu akiuliza maswali ambayo fundi haulizagi: upepo wa ziwa unaingilia wapi, bibi anaamka saa ngapi, anapenda kukaa anaangalia nini. Akachora chumba kisicho na ngazi hata moja, choo chenye vyuma vya kushikilia, na korido fupi ya kutokea kwake hadi sebuleni kwetu. Juu ya vyote hivyo akalaza paa moja refu, limenyooka, linapendeza. Akauliza kama bibi ana masharti yoyote. Nikamjibu, bila kupepesa, kwamba hana.

Mafundi wakaanza. Kuta zikapanda, wakafunga lenta juu ya madirisha, wakasimamisha kenchi, yaani zile mbao za kubebea mabati. Kenchi za upande mpya zikaungana na za nyumba ya zamani, mafundi wakagonga mbao moja ndefu juu kabisa kutoka mwanzo hadi mwisho. Yalikuwa yamebaki mabati tu. Nikaona huu ndio wakati wa mama kuja kuona, achague na rangi ya mlango wake.

Alikuja Jumamosi, amepanda gari dogo lililosimama Kiabakari muda mrefu kusubiri abiria, kwa hiyo alifika amechoka na amenuna kidogo. Amevaa gauni la kanisani. Nikamshika mkono, nikamsogeza mbele ya ukuta mpya nikitabasamu kama niliyeshinda bahati nasibu.

Akaangalia. Akaangalia tena. Akasogea hadi kwenye kona, akanyanyua kichwa, akaifuata ile mbao ndefu kwa macho kutoka upande wake hadi juu ya chumba chetu cha kulala.

"Nyumba yangu iko wapi?" akauliza.

"Si hii hapa, mama."

"Hii ni nyumba yenu. Ulisema nyumba yangu."

Nikafungua mdomo kukana, halafu nikasikia sauti yangu mwenyewe kwenye ile simu. Chumba yako. Kwenye upepo, kwa sikio la mama mzee, hiyo ni nyumba yako, huwezi kutofautisha. Ningesema chumba chako, ile "cha" ingenikamata shati palepale na mama angekataa siku ileile. Na mimi ndiye ninayewakata watoto wa watu alama kwa kuandika "kiti yangu"! Nilitamani ardhi ipasuke.

Mama hakuingia. Nilimtolea kiti akakaa nje, akanywa chai. Mume wangu alifika getini, akaliona lile gauni, akageuka na sato wake akaenda kujificha dukani kwa jirani. Nikaona hasira inanipanda. Nikamwambia mama kwamba sisi ni watu wa kanisa, kwamba kuna ukuta na kuna mlango wenye kitasa, kwamba akianguka tena kule nani atamwokota. Sauti ilinipanda kuliko inavyofaa kwa mzazi.

Yeye hakupandisha yake. Aliweka kikombe chini.

"Kanisa nalijua, mwanangu. Huyu mume wako amekutunza, hajawahi kunitumia neno baya. Mtu kama huyo ndiyo nilale juu ya kichwa chake, asikie ninavyokohoa, nisikie mnavyogombana? Ningekuwa simheshimu, ningelala hata sebuleni kwake."

Alirudi Butiama jioni ileile. Nilimsindikiza stendi, na gari lilipoondoka nikalia mbele ya wauza karanga, mwalimu mzima.

Nyumbani nilimkuta mume wangu amekaa chini ya kenchi. Nikamsimulia, nikitegemea anisaidie kulalamika. Akajikuna kichwa. Kisha akakiri kwamba alikuwa ameshanunua godoro akaliweka stoo ya duka Mwigobero, katikati ya nyavu, maana mama akihamia yeye angehamia huko. Angeniambia ni kwa ajili ya kulinda mali. Nikamwuliza kwa nini hakusema mapema. Akasema alidhani mama yangu ameshakubali mambo ya kisasa, akaona aibu yeye kuwa ndiye mshamba. Nilimtukana kwanza, halafu tukacheka mpaka mbavu zikauma. Mimi peke yangu, katika watu watatu, ndiye niliyekuwa nataka ile korido.

Kucheka hakukumrudisha mama. Mvua zilikuwa zinanukia, na yeye alikuwa kule na goti lake.

Tukamwita msanifu. Nilijiandaa kusutwa, lakini alipomaliza kunisikiliza alijipiga kofi pajani, akasema hata mama yake mzazi kule Bunda hawezi kulala kwa binti yake mkubwa aliyeolewa kwa sababu hiyohiyo, na yeye ndiye wa kulaumiwa kwa kuamini jibu langu. Akatoa ramani akaanza kuikwaruza palepale. Korido ifutwe. Kenchi zikatwe, upande wa mama urudi nyuma upate paa lake lenyewe, mteremko wake wenyewe. Katikati ibaki njia ya wazi inayoona mbingu, imesakafiwa vizuri isiteleze, na michirizi ya kupeleka maji kando. Fundi alinung'unika kwamba hajawahi kuambiwa akate paa zima lisilo na kosa. Akakata.

Nikampigia mama, safari hii nikiongea kama niko mbele ya mkaguzi wa shule.

"Ni nyumba, mama. Nyumba yako. Paa lako peke yako, na kati yako na sisi unaona mawingu."

Alichouliza ni bati gani. Nikamtajia msauzi, nikamtajia vigae, nikamsifia rangi. Akasema kama ni nyumba yake basi bati ni lake kuchagua, na yeye anataka bati nyeupe ya kawaida, ile inayopiga kelele mvua ikinyesha, kwa sababu amezoea kuisikia na bila hiyo hatajua kama kunanyesha. Kwa hiyo leo ukipita Mwisenge utaona nyumba kubwa yenye msauzi wa rangi ya maruni, maana mume wangu mwishowe nilimhurumia, na ubavuni kanyumba kanang'aa kama sufuria mpya. Majirani walicheka sana. Waliniuliza kama hela ziliniishia njiani.

Mama alihamia mvua zilipokuwa zinaanza. Alifika, akasimama kwenye ile njia ya katikati, akanyanyua kichwa, akakaa hivyo mpaka shingo ikamchosha. Akaingia kwake. Hakunikaribisha, ikabidi nipige hodi.

Jioni ile nilimwandalia chakula kwenye sinia, nikafunika na kitambaa, nikavuka nacho. Nikamkuta amekaa kwenye kigoda mbele ya jiko la mkaa mlangoni kwake, anasonga. Akaniambia nirudishe sinia langu, yeye hajaja hospitali. Alikuwa na ugali wa mtama na udaga wa muhogo, na dagaa aliowaunga kwa karanga, amepika chakula kingi mno kwa mtu mmoja. Akapakua kwenye bakuli, akafunika vizuri, akanikabidhi kwa mikono miwili.

"Mpelekee mkwe wangu. Mwambie kimetoka kwa jirani."

Katika ndoa yetu yote mume wangu alikuwa hajawahi kupikiwa na mama yangu. Kule Butiama alikula kwenye misiba na harusi, chakula cha wengi. Nilimpelekea, nikamweleza kimetoka kwa nani. Akanawa upya ingawa alikuwa ameshanawa. Akakaa akiwa ameelekea ile njia, akala bila kunikaribisha hata tonge, mpaka bakuli likabaki jeupe. Kisha akaenda kusimama mlangoni, upande wake, na bila kuangalia upande wa pili akasema kwa sauti ya kusikika, "Asante, mama."

Halafu kutoka chini ya paa lile lingine mama akajibu, "Kesho nitapika tena."