Majina Mlangoni mwa Pango

Kafedha hakuwahi kuondoka mahali bila kumwita kwa jina kila aliyekwenda naye. Sokoni Kongowea, mikono imejaa mifuko ya nyanya na vitunguu, angesimama langoni, ageuke, aseme, "Nafula, twende," hata kama Nafula yuko ubavuni pake, bega kwa bega. Kanisani vivyo hivyo. Siku Nafula alipotoka hospitali ya Port Reitz na mwanawe wa pili, mama mkwe huyu alisimama mlangoni mwa wodi akamwita mzazi, kisha akamwita mtoto, ambaye alikuwa na umri wa siku mbili na jina bado bichi, na hakusogea mpaka mtoto alipotoa kasauti. Wauguzi walicheka. Nafula, aliyekuja pwani kutoka Bungoma kwa ajili ya ndoa, aliona haya.

Mwanzoni alidhani ni mazoea ya kazi tu. Na kweli yalitoka kazini.

Kazi yenyewe ilikuwa pango. Lilikuwa kando ya barabara ya Malindi, upande wa Kisauni, kati ya Kiembeni na Shanzu, nyuma ya kibanda cha mabati na bango la mbao lililoandikwa PANGO LINALOITIKA, KARIBUNI. Aliyelipaka rangi bango hilo ni Mzee Mwarandu, baba mkwe wa Kafedha. Alikuwa mchimba mawe ya kujengea. Siku moja, miaka ya sabini ikielekea mwisho, sururu yake ilizama ardhini ikamponyoka. Akaisikia ikigonga chini. Akakaa kimya akitafakari hasara, na baada ya kitambo, wakati sururu imekwisha kutulia, akaisikia ikigonga tena.

Mwangwi wa pango lile ulichelewa. Mtu angesema neno, anyamaze, avute pumzi tano au sita, ndipo neno lije, limepoa, kana kwamba limefikiriwa kwanza. Wageni wa hoteli za pwani ya kaskazini walilipenda sana jambo hilo. Mabasi ya watalii yakawa yanasimama. Shule za Changamwe zikaleta watoto. Mzee akachonga ngazi kwenye mwamba, akaweka kamba ya kushikia, akaacha kuchimba mawe.

Lakini hakuwaingiza watu kabla ya kwenda kwao Ganze kuuliza wakubwa wake. Wazee hao wa Kigiriama walimwambia kwamba mahali panaposhika sauti ya mtu hapashindwi kushika kivuri chake, yaani kivuli chake pamoja na roho. Mtu akitoka humo bila kuitwa jina lake, mwili hutoka na kivuri hubaki, na mwili wa namna hiyo hauna muda mrefu. Basi Mzee akaweka utaratibu. Kila mgeni aliandika jina daftarini kabla ya kushuka. Kafedha, mke wa mwanawe Munga, ndiye aliyewashusha na taa. Mzee alibaki juu, mlangoni, na muda ukiisha aliwaita mmoja mmoja. "Helga, twende. Dieter, twende." Aliyeitwa huitika na kupanda. Wa mwisho siku zote alikuwa mwenye taa: "Kafedha, twende." Wageni walidhani ni sehemu ya maonyesho, wakapiga makofi.

Utaratibu huo ulikwenda miaka ishirini na zaidi bila kosa. Kosa lilikuja mwaka wa elfu mbili na nne, wakati wa masika. Munga alikuwa amekwisha kufa. Kafedha alikuwa na homa, miguu haimbebi, na gari la familia moja kutoka Nairobi likasimama. Mzee akasema kaa wewe, nitawashusha mimi. Akampa daftari, akachukua taa.

Kafedha akawaita wale wageni, wanne, wakatoka. Akabaki mtu mmoja ndani ambaye jina lake halikuwamo daftarini, wala halikuwahi kuwamo kinywani mwa Kafedha. Mke wa Kigiriama halitaji jina la baba mkwe wake. Hata akikutana sokoni na mtu mwingine mwenye jina hilo, humwita "jina la baba" na kila mtu akaelewa. Kafedha alisimama pale akiwa na homa na heshima ya miaka yote ya ndoa. Kisha akainama, akasema kwa adabu, "Baba, haya, twende."

Pango likanyamaza. Halafu likarudisha: Baba, haya, twende. Nyuma ya sauti ile Mzee akapanda, taa imezimika mkononi.

Jioni hiyo alikula. Kesho yake alikula pia. Lakini hakusema neno tena. Adhuhuri, jua likiwaka, alionyesha kwa ishara kwamba aletewe taa. Kuku hawakumpisha tena alipopita katikati yao, ikawa yeye ndiye anayewazunguka. Hospitali walisema ni kiharusi. Mwezi wa pili baada ya hapo akafa, mwepesi kiasi kwamba vijana wawili walitosha kulibeba jeneza.

Kafedha hakumwambia mtu. Alikirithi kiti cha Mzee pale mlangoni, na kutoka siku ile hakukanyaga ngazi hata moja ya kwenda chini.

Nafula alipoolewa na mwanawe, Changawa, miaka sita baadaye, taa ikawa yake. Alijifunza kazi haraka. Alijifunza pia kutosikia kikohozi. Kilikuwa kikohozi kikavu cha mtu aliyevuta vumbi la mawe maisha yake yote, na kilitoka upande wa kona, mahali ngazi zinapoisha na dari kuinama. Alijiambia ni mwangwi wa mgeni fulani wa asubuhi, umechelewa kuliko kawaida. Wakati mwingine mgeni humwuliza kwa upole kama yule aliye kule nyuma ni mgonjwa. Nafula hujibu kwamba hakuna mtu, na huinua taa kuonyesha, na huwa hakuna mtu.

Mara moja tu jambo hilo lilifika juu. Msichana wa shule aitwaye Janice alitoka pangoni na wenzake, akahesabu majina yote yaliyoitwa, kisha akamwuliza Kafedha, "Na yule babu, haitwi?"

Kafedha alifunga pango siku tatu. Alisema ana mafua.

Mwaka jana wapima barabara walikuja, wakaweka alama nyekundu kwenye kibanda na nyingine kwenye mwamba. Barabara itapanuliwa. Shimo haliwezi kuachwa chini ya malori, litajazwa kifusi. Familia ikapewa tarehe, Jumatatu ya pili ya Februari. Changawa, aliyekuwa akifanya kazi kwenye maghala ya mafuta Changamwe, alisema afadhali, hata kazi yenyewe ilikuwa imekufa tangu korona. Mama yake alianza kukataa chakula.

Alhamisi kabla ya tarehe hiyo, Kafedha alimketisha Nafula jikoni akamweleza yote, kuanzia homa hadi neno "baba". Alieleza akichambua mchicha, bila kuinua macho.

"Yuko mle miaka ishirini sasa," alisema. "Na Jumatatu wammwagia mawe. Mie nimemwacha mara moja. Sitamwacha mara ya pili."

"Mama, si mlimzika Ganze?"

"Tulizika kilichotoka."

Nafula alikuwa mtu wa kanisa, na moyoni alijibu vile watu wa kanisa hujibu. Lakini mwilini alikumbuka kile kikohozi. "Basi mwambie Changawa amwite. Ni babu yake."

"Changawa atanipeleka hospitali. Utamwita wewe. Wewe ni mke wa mjukuu, kwetu yule ni mume wako wa utani, jina lake waweza kulitaja upendavyo. Ila wewe umekuja yeye ashakwenda, sauti yako haijui. Lazima nishuke mie nimwonyeshe njia, wewe uite juu."

"Na wewe nani atakuita?"

Kafedha aliacha mchicha. Swali lilikuwa na uzito wake. Nafula hakuwahi kumwita mama mkwe wake kwa jina. Alikolelewa, msichana hata hakai chumba kimoja na mama mkwe akala, seuze kumtaja.

"Ungeweza?" Kafedha akauliza. "Sema tuone. Ka-fe-dha."

Nafula akafungua mdomo. Akaufunga. Wote wawili wakacheka, Kafedha mpaka machozi yakamtoka.

"Nyie watu wa bara mna adabu za taabu. Basi Mwanarusi ndiye atakayeniita."

Mwanarusi alikuwa shoga yake wa miaka mingi, muuzaji wa viazi karai hatua chache kutoka kwenye bango. Walipomwendea alikuwa akigeuza viazi kwenye mafuta.

"Wataka nikuite shimoni?" alisema. "Wallahi mie nitakuita, lakini usije ukatoka na jamaa zako wengine. Wali wangu hautoshi."

"Wewe ita tu, mroho mkubwa. Na uite kwa sauti, si kama unavyonong'ona ukidaiwa viazi vibichi."

"Shoga, sauti yangu hii ikiita Kisauni, Likoni wanaitika abee."

Wakakubaliana iwe Jumapili, baada ya kanisa.

Malori yalikuja Jumamosi. Saa tatu asubuhi yalikuwa yamepanga foleni barabarani, manne, yamejaa kifusi, na tingatinga limeshabomoa kibanda nusu. Mwanarusi alikuwa Kongowea kununua viazi, simu yake haipokewi. Nafula alikimbia kwa nyapara wa kazi, kijana mmoja aitwaye Kioko, akamsihi wasubiri mpaka kesho. Kioko alisema ratiba imebadilika, mambo yametoka juu. Kisha akamwona Kafedha anakuja, amevaa leso mpya na viatu vya kanisani, akalegea kidogo.

"Shosho, nakupa nusu saa. Toa vitu vyako."

"Mie si shosho wako, sikumzaa mama yako," Kafedha alisema. "Na nusu saa yatosha."

Nafula alimshika mkono. "Mama, tumngoje Mwanarusi. Akikosa kuja..."

"Akikosa kuja upo wewe."

Walishuka pamoja, Nafula mbele na taa. Kafedha alikumbuka kila ngazi, na mkono wake ulikwenda kwenye kamba kabla jicho halijaiona. Chini, karibu na kona, alisimama akajitengeneza leso. Hakukuwa na kikohozi. Kulikuwa na ule ukimya wa chumba ambamo mtu amesikia hatua zako na anangoja useme kwanza.

"Shikamoo, baba," Kafedha alisema.

Nafula akangoja mwangwi. Akavuta pumzi tano, sita, kumi. Miaka kumi na minne alikuwa amelisikia pango lile likirudisha kila kitu: majina, vicheko, chafya za watoto. Salamu ile haikurudi. Ilikuwa imepokewa.

Hapo Kafedha akamwambia maneno machache, na Nafula akapanda. Hakukumbuka baadaye kama alipanda mbio au polepole. Alikumbuka tu kwamba alimwachia taa.

Mlangoni jua lilimpiga usoni. Alivuta pumzi, akaita, "Mwarandu, twende!" Jina lilitoka rahisi, kama la mtu anayecheza naye bao. Muda ukapita. Kioko, aliyekuwa ameketi chini kando ya njia akila ndizi, alivuta miguu yake nyuma, vile mtu anavyompisha mwenzake apite. Kisha akaitazama miguu yake, na njia tupu iliyokuwa mbele yake, akaiweka ndizi chini.

Ikabaki jina moja. Nafula alilijua. Alikuwa amelisoma kwenye kitambulisho, kwenye kadi ya kliniki, kwenye biblia ya sebuleni. Alilileta mpaka kwenye meno. Nyuma yake tingatinga lilikuwa likinguruma, na mbele yake kulikuwa na mwanamke aliyemkanda kiuno usiku wa uchungu wake wa kwanza, aliyemfundisha kupika wali wa nazi bila kumcheka zaidi ya mara moja. Mtu wa namna hiyo humwiti kama unavyomwita mwenzako wa shule.

"Mama," aliita. "Mama, twende."

Akajisikia alivyosema. Akajaribu tena, akitweta, na ulimi ukafuata njia ileile. "Mama!"

Likarudi, limepoa: Mama, twende. Nyuma ya sauti hiyo Kafedha akapanda, leso yake safi, mikono mitupu, hakuna taa. Alimpita Nafula, akaenda kukaa kwenye kiti kilichokuwa kimetolewa kibandani, akatazama malori yakigeuza.

Walimwaga kifusi mpaka saa tisa. Mwanarusi alirudi wakati wanashindilia. Alimtazama shoga yake usoni mara moja tu, kisha akatupa gunia la viazi, akakimbilia kwenye lile rundo la mawe na kuita kwa sauti yake yote, "Kafedha! Kafedha we! Twende!" Vibarua wakasimama kumtazama. Kafedha mwenyewe, kitini, hakugeuza shingo.

Alikula jioni hiyo. Hakusema neno siku hiyo wala zilizofuata. Changawa alimpeleka hospitali na wakamwambia ni kiharusi, jambo la kawaida kwa umri wake. Wiki ya saba walimzika Ganze, na waliobeba jeneza walisema wao kwa wao kwamba mama huyu alikuwa mdogo kuliko walivyomdhani.

Barabara sasa ni pana na nzuri. Waombolezaji waliofika nyumbani walimwuliza Nafula kama marehemu aliacha wosia, kama aliaga, na yeye aliwajibu kwamba hakuaga. Hakuwaambia kwamba maneno ya mwisho aliyoyapata kwake yalisemwa chini kule, kwenye kona, uso wa Kafedha ukiwa umetulia kuliko alivyowahi kuuona, mkono mmoja umeshika taa na mwingine umenyooshwa nyuma gizani, vidole vimejikunja kama vya mtu aliyekwisha kushikwa.

"Tangulia, mwanangu. Mie na baba twaja."