Siku Nilipogeuza Faili la Mama Kuwa ISO

Sisi tuliokua Kyela enzi za kompyuta za chogo tunajua jambo ambalo vijana wa leo hawalijui: unaweza kuwa na faili mkononi na bado likakunyima kilichomo.

Wenzangu wakitoka shule walikimbilia mashambani kufyonza kakao mbichi mpaka ulimi unateleza, kisha mbegu wanazirudisha kwenye majani ya mgomba zikaendelee kuvundikwa, mwenye shamba asijue. Nami nilifyonza, sikatai. Lakini nilipofika darasa la saba makao yangu yalikuwa steshenari ya mama mdogo Tusekile, pale mjini, kwenye kompyuta iliyochoma CD na DVD. Watu wazima walinipisha kwenye kiti. Sijidai, ndivyo ilivyokuwa.

Mama yangu ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo kwenye kwaya ya kanisani kwetu. Akianza pambio, hata waliokuwa wakiwahi sokoni walisimama njiani. Kisha akafanyiwa upasuaji wa rovu shingoni. Alipona vizuri, ila sauti haikurudi, akabaki wa kunong'ona. Mpiga video aliyeirekodi kwaya kabla ya hapo alikuwa ameshahamia mkoa mwingine, ametuachia DVD moja yenye mikwaruzo. Ndani yake hapakuwa na nyimbo za kucheza, ila faili moja tu, video yote imefungwa humo kama mzigo, inasubiri kuchomwa. Mtindo wa faili hilo ulikuwa NRG. Programu yetu ya kuchomea ilikubali mtindo wa ISO peke yake.

Nikamwambia mama asiwe na wasiwasi. Nililinakili faili kwenye kompyuta, nikafuta NRG mwishoni mwa jina, nikaandika ISO, nikachoma. Mama akaalika wanakwaya wenzake, wakaja na sare zao. Deki ikazunguka, ikaguna, ikasema haina diski. Nikachoma nyingine, mambo yale yale. Kurudi kwenye DVD ya mpiga video, nayo ikagoma kusomeka kabisa. Sauti ya mama sasa ilikuwa imebaki kwenye faili lile moja nililolichezea. Hakunigombeza, na hilo liliniuma kuliko fimbo.

Kesho yake mwalimu wetu wa hisabati, mtu wa Tanga, alikuja dukani kutoa kopi za mtihani. Nikamweleza yote. Alicheka mpaka akavua miwani.

"Binti, umelibadilisha jina tu," akasema. "Tumbo ni lile lile."

Akalirudishia jina lake la zamani, akachomeka flashi yenye programu ndogo ya kugeuza mitindo ya mafaili, akaniachia kiti. Mvua ilikuwa inanyesha, na umeme wetu siku za mvua mnaujua. Mama mdogo alizima feni, redio na mashine ya kopi, akasimama mlangoni kuwazuia wateja, kana kwamba umeme ungekatika kwa kukanyagwa. Mstari wa kijani ulijikokota nusu saa nzima. Ulipofika mwisho nikachoma, nikakimbia nyumbani na DVD chini ya sweta.

Mama alisikiliza ameshika magoti, samaki wetu mbasa anaungua jikoni na hakuna aliyeinuka. Wimbo ulipoisha akanishukuru kwa kunong'ona, "Ndaga fijo, mwanangu. Ila ubeti wa pili nilichelewa kuingia."

Vijana wetu siku hizi faili likikataa kufunguka mara moja wanalifuta, mtandao ukisinzia kidogo wanalalamika kama wamenyimwa chakula. Ile video nimeigeuza tena na tena, ikatoka kwenye DVD ikaingia kwenye flashi, ikafika kwenye simu. Ukoo mzima unayo. Sijamwona hata mmoja akiisikiliza mpaka mwisho, na hilo linanihuzunisha. Zamani tulikuwa na sauti moja, nyumba nzima ikanyamaza kwa ajili yake.

Krismasi iliyopita niliicheza sebuleni kwa mama. Binti yangu mdogo, anayemjua bibi yake kwa kunong'ona tu, akainua macho kutoka kwenye simu na kuuliza yule anayeimba vizuri hivyo ni nani.

"Ni mimi," mama akamwambia.

Mtoto akamtazama, akaitazama runinga. "Basi imba, bibi."

Mama akachukua rimoti, akaongeza sauti.